Mwanafunzi Wangu wa Leipzig

Katika masomo ya Kiswahili ninayofundisha kwa njia ya intaneti kutoka Unguja, kipindi ninachokipenda zaidi ni kile ambacho mwanafunzi huweka kitabu kando na kuanza kusimulia utoto wake, kwa sababu hapo maneno humtoka kwa haja ya kusema. Vipindi vya namna hiyo vimekuwa vingi, lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni cha muuguzi mstaafu wa Leipzig, aliyenizidi umri kwa miaka kadhaa, ambaye nilikuwa nikimwita Bibi naye akiniita Mwalimu.

Nilimwomba anieleze siku yake ya kwanza skuli. Aliinuka, akarudi na picha ndogo isiyo ya rangi, akaisogeza karibu na kamera mpaka ikaenea kioo chote cha kompyuta yangu. Nilimwona msichana wa miaka sita mwenye mikia miwili ya nywele, amekumbatia mfuko mrefu wa karatasi ngumu, umechongoka chini na kufungwa utepe juu, umbo lake kama karatasi za kufungia njugu ila ulikaribia kimo chake. Wajerumani humpa mtoto mfuko huo siku anapoanza darasa la kwanza, ukiwa na peremende, chokoleti na penseli. Wa kwake, alisema, ulijazwa magazeti hadi nusu kwa kuwa vitamu havikutosha, na siri hiyo waliijua yeye na mama yake tu.

Kisha akaendelea taratibu, akitafuta kila kitenzi, kunieleza skuli za Ujerumani Mashariki: gwaride la bendera uwanjani, skafu ya buluu ya chipukizi wa kule, na mchana wa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya chupa na magazeti makuukuu. Nchi ile iliungana na Ujerumani Magharibi tarehe 3 Oktoba 1990, na tangu hapo, alisema, kila aliyemuuliza habari za skuli yake alitaka kusikia siasa. "Wewe umeniuliza siku yangu ilivyokuwa," aliniambia. Somo la sarufi nililokuwa nimeliandaa sikulifungua tena, na naamini nilifanya vyema.

"Na wewe, Mwalimu?"

Nilimweleza kwamba mimi ni mtoto wa elimu bila malipo, iliyotangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Kwamba tulisoma kwa mikondo miwili, asubuhi skuli na mchana chuoni kusoma Kurani. Na kwamba mama alikuwa akiyajalidi madaftari yangu kwa gazeti, akizikunja pembe kwa ukucha wa kidole gumba mpaka zikalala sawasawa. Nikamtajia malai tuliyonunua langoni. Nilipofika kwenye nyumba yetu, nikamwambia kuwa tulikaa Kikwajuni, katika majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi.

Alicheka kwa furaha nisiyowahi kuiona kwake. Alitaka kujua vyumba vilikuwa vingapi, na kama jiko lilikuwa dogo kama la kwao Leipzig. Nilimjibu kwamba lilikuwa dogo kweli, na kwamba mama alipendelea kupikia makaa nje ya mlango, huku majirani wakipita na kumsalimia. Akaniomba niirudie sentensi hiyo polepole, apate kuiandika.