Biri Iliyogoma

Shemeji yangu alipostaafu alikataa sherehe. Alichofanya ni kujinunulia sanduku la biri ambazo alikuwa akizikodolea macho kwa muda mrefu: zimesokotwa kwa mkono, majani matupu ya tumbaku kutoka ndani hadi nje, kila moja imevishwa pete ya karatasi yenye nakshi za dhahabu. Bei hakuitaja mbele ya dada yake, ambaye ni mke wangu, nami sikuiuliza.

Hakuzigusa mara moja. Tumbaku hunyonya unyevu na kuutoa kufuata hewa iliyoizunguka, na biri iliyotoka safari huwa haijatulia. Kwa hiyo alizilaza kwenye sanduku lake la mwerezi, akaweka kipimo cha unyevu ndani, na kila nilipomtembelea ilibidi nionyeshwe sindano ilikosimama. Asilimia 67, mara 68. Wavutaji wengi wanataka iwe kati ya 65 na 70. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye kuna mtu alijaribu kutuambia kwamba kosa lilikuwa la uhifadhi.

Hatimaye jioni moja akanipigia simu. "Shemeji, njoo. Leo tunafungua."

Aliniachia nichague kwanza. Nilichukua ambayo jani lake la juu lilikuwa limenyooka kuliko zote, rangi ya kahawia iliyokolea, limenawiri kwa mafuta yake lenyewe. Majani hayo yalitoka Ecuador, ambako mawingu huwatandia wakulima juu ya mashamba kiasi kwamba hawahitaji kutundika vitambaa vya kivuli. Jani linakua jembamba, laini, na mishipa yake haijitokezi. Tumbaku ya ndani ilikuwa ya Nicaragua. Saizi yake ni ile inayoitwa robusto: urefu wa inchi 5, unene wa 50, na hiyo 50 huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo ni kama milimita 20. Inajaa kwenye vidole. Niliipapasa kutoka chini hadi juu na haikunipa wasiwasi wowote, isipokuwa kwamba pale penye pete vidole havifiki kwenye jani. Nani anavua pete kabla ya kuwasha? Gundi inaweza kuchana jani la juu, kwa hiyo watu hungoja moto ukaribie.

Nikakata kofia, kipande kidogo tu cha juu, nikavuta bila kuwasha. Hewa ilikuja kwa kunung'unika.

"Imekaza kidogo," nikasema.

"Itafunguka ikipata moto."

Ni kweli huwa zinafunguka, baadhi. Nikashika kiberiti cha gesi, nikauchoma ule mwisho taratibu huku nikiizungusha, moto ukiwa mbali kidogo, mpaka ukingo wote ukawa mwekundu. Shemeji naye akawasha yake. Pafu lake la kwanza lilimwaga moshi mweupe, mzito, ukaning'inia mbele yetu. Langu lilitoa kiuzi.

Biri haina haraka. Pafu moja kwa dakika au zaidi, moshi unauzungusha mdomoni kisha unauachia, hauushushi kifuani. (Wanaosema kwamba kwa sababu hiyo haina madhara wanajidanganya, saratani ya mdomo na ya koo haihitaji mapafu. Sote wawili tunalijua hilo na ndiyo maana kwetu ni jambo la nadra. Sasa jambo la nadra likienda mrama, huna kesho ya kulifidia.) Mimi nilikuwa nimeshaacha kuhesabu dakika. Nilikuwa navuta mfululizo, mashavu yameingia ndani, masikio yamewaka moto, na ninachopata ni joto na kivuli cha ladha: kitu kama mbao, kitu kama udongo, kisha basi.

"Vipi, shemeji?" akaniuliza, macho yamelegea kwa raha.

"Nzuri."

Ungefanyaje? Mtu amestaafu, amefungua sanduku lake, amekupa uchague mbele yake. Nilijikaza kisabuni. Niliishika biri vizuri, nikaiangalia kama mjuzi, nikapuliza hewa tupu. Yeye akaanza kunisimulia anachokionja kwenye yake: pilipili manga mwanzoni, kisha kakao, kisha utamu fulani wa ngozi mpya. Nikawa naitikia kwa kichwa. Tulikuwa tunavuta biri za sanduku moja, mkupuo mmoja, pete moja, na mmoja wetu alikuwa anasikiliza habari tu.

Ikazimika. Nikaiwasha. Ikazimika tena. Kila unapowasha upya unachoma masalia ya moshi uliopoa humo ndani, na uchungu wake unakaa kwenye ulimi na hautoki. Ukiongeza na moto wa kiberiti kukaribia jani la juu mara kwa mara, jani likachoka: likapasuka ufa mwembamba ukielekea kwenye pete. Upande mmoja ukaanza kukimbia, moto ukala hadi karibu na vidole vyangu huku upande wa pili ukiwa bado mbichi, umesimama kama ukuta wa nyumba iliyobomolewa nusu. Majivu yake hayakuwa yale magumu ya kijivu yanayoning'inia bila kudondoka. Yalikuwa mabapa meusi yaliyopukutika kwenye suruali.

Hapo ndipo shemeji akafumbua macho yote mawili.

"Hiyo si nzuri," akasema.

"Si nzuri," nikakubali.

Akaichukua. Kwanza akaikunja kunja taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kulegeza majani. Haikusaidia. Akakata kofia zaidi. Haikusaidia, isipokuwa sasa vipande vya tumbaku vikawa vinaniingia mdomoni, na tone la kahawia, chungu kama dawa, likashuka kwenye ulimi. Akaleta chuma chembamba kirefu anachokitumia kuzibulia, akakisukuma kupitia kichwani. Kiliingia kwa ulaini, kisha pale kwenye pete kikagonga. Akasukuma. Kikagonga tena, na kikapinda.

"Kuna kitu humu."

Kwa kweli wakati huo sikutaka tena kuvuta. Nilitaka kuona. Tukaizima kwenye kisahani, tukangoja ipoe, akaleta wembe na karatasi nyeupe.

Alianza na pete. Ilipotoka, jani la juu chini yake lilikuwa na uvimbe ambao hata jicho lingeuona. Akachana kwa urefu, kutoka kichwani hadi kwenye jivu. Jani la juu likafunguka lenyewe, kisha lile la kufungia, ambalo ni nene na la kukwaruza, halionwi na mteja na halipambwi. Ndani yake majani yalipaswa kukaa yamekunjwa kwa urefu, kila moja likiwa na nafasi yake, ili hewa ipite katikati yao kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ya kwetu yalikuwa yamezungushwa. Karibu na pete jani moja lilikuwa limejisokota kwa mapana, limezunguka mengine na kuyakaba, na ndani ya fundo hilo kulikuwa na kijiti. Uti wa jani, mzima, mnene kuliko njiti ya kiberiti, urefu wa kidole hadi kwenye pingili ya pili. Uti huo huchanwa na kutolewa tumbaku inapoandaliwa. Nilikishika. Hakikupindika.

Shemeji alikuwa ameshahamia kwenye jambo lingine. Anapenda mambo haya kuliko mimi. Akatenganisha majani kwa ncha ya wembe, akanionyesha jani jeusi, nene, lenye mafuta. Hilo ni ligero, jani la juu ya mmea, linalopata jua kuliko mengine. Lina nguvu nyingi na linaungua polepole. Kwa sababu hiyo fundi huliweka katikati kabisa, na kulizungushia seco, ya katikati ya mmea, na volado, ya chini, inayoshika moto upesi. Katika biri yangu ligero lilikuwa limebanwa pembeni, limeegemea upande mmoja wote. Ndiyo maana upande ule ulikuwa unakataa kuungua huku mwenzake ukikimbia. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, hayahusiani, yamekutana kwenye biri moja ya pete ya dhahabu.

"Huyu bwana siku hiyo alikuwa wapi?" nikauliza.

Akanieleza kwamba mara nyingi huwa si bwana mmoja. Huko Nicaragua kawaida wanafanya kazi wawili wawili: mmoja anakusanya majani ya ndani na kuyafunga, mwingine anavisha jani la juu na kubandika kofia. Kati yao yale mafungu hulala kwenye kalibu za mbao au plastiki, yanabanwa yapate umbo, yanageuzwa, yanabanwa tena. Viwanda vingi vina mashine ndogo inayovuta hewa kupitia fungu kabla halijavishwa jani la juu, likikaza linarudishwa. Kisha kuna wakaguzi wa kuzipapasa, kuzipima uzito, kuzipanga kwa rangi ili zifanane ndani ya sanduku. Hesabu mwenyewe mikono iliyopita juu ya kile kijiti.

Kuna desturi ya viwanda vya Havana, tangu mwaka 1865, ya kuwa na msomaji anayekaa juu ya jukwaa na kuwasomea wafanyakazi magazeti na riwaya huku wakisokota. Shemeji akasema kama na hawa wa Nicaragua wanasomewa, basi huyu wetu alifika kwenye sura tamu. Nilicheka mpaka uchungu wa mdomoni ukapungua.

Aliniambia pia kwamba anayakumbuka mambo kama haya kutoka miaka ya 1990, wakati Marekani ilipopandwa na wazimu wa biri. Mahitaji yaliruka ghafla, viwanda vikafunguliwa kila kona, watu wasiojua kusokota wakakalishwa kwenye meza, na tumbaku ikatolewa kwenye malundo ya kuchachushia kabla ya wakati, ikifika mdomoni bado inanuka amonia. Wakati huo, alisema, ulikuwa unajua unachokinunua ni bahati nasibu. Kilichomuudhi sasa ni kwamba hakuna haraka hiyo. Tumbaku yenyewe ilikuwa safi. Alichukua kipande cha jani lile jeusi, akakiwasha peke yake kwenye kisahani, tukainama sote kunusa. Ilikuwa harufu nzuri kweli. Mkulima alifanya kazi yake, aliyeichachusha alifanya kazi yake, mwaka mzima au zaidi wa subira ya watu, halafu dakika chache za mtu mmoja mezani zikaiziba.

Akamwandikia muuzaji. Jibu lilikuja na adabu nyingi: je, mteja alizihifadhi katika unyevu unaofaa? Mara nyingi biri iliyolowa hukaza. Na hilo ni kweli, sikatai, jani lililolowa huvimba na kubana njia ya hewa. Shemeji akapiga picha ya kile kijiti kando ya rula, akaituma na sentensi moja: "Unyevu hauoteshi kijiti." Namsifu mpaka leo kwa sentensi hiyo.

Jibu la pili lilikuwa kwamba kazi ya mkono haifanani, na kwamba hiyo ni sehemu ya uzuri wake. Hapo ndipo alipopandisha hasira hasa, na mimi niko upande wake. Biri ya mashine ni rahisi kwa sababu mashine haichoki na haijui kitu. Anayelipa mara kadhaa zaidi ya hapo analipia vidole vinavyosikia kijiti kabla hakijafungwa. Huwezi kuniuzia mkono wa fundi, kisha mkono ukikosekana ukaniambia ndiyo uzuri wa mkono. Kutofanana ninakokukubali ni kule kwa rangi kidogo, kwa mshipa mmoja unaoonekana, kwa pafu lililo jepesi au zito kiasi. Si kule kwa moja kuvutika na nyingine kugoma.

Baada ya kurushiana barua wakakubali kutuma nyingine. Ilifika kwenye kifuko kilichofungwa vizuri, shemeji akailaza na wenzake, na safari hii kabla ya kunikabidhi aliisogeza pete kwa kucha, taratibu sana, mpaka ikapanda juu na kuacha jani likiwa zima. Akapapasa pale. Akanipa nipapase mimi.

Niliivuta yote. Hewa ilipita bila shida, moshi ulijaa mdomo, moto ulikwenda sawasawa pande zote, na majivu yalining'inia mpaka nikaanza kuyaonea wivu. Nilingoja ile kakao na ule utamu wa ngozi mpya alioniambia. Nilipata pilipili manga, nyingi, na baada yake pilipili manga.

"Vipi, shemeji?"

"Imesokotwa vizuri sana," nikamwambia. "Ladha yake siipendi."

Akanitazama kwa muda, kisha akalifunga sanduku na kulisogeza upande wake wa meza.