Nilivyoujaza ukoo wa baba kwenye karatasi

Nilipomwambia mama mkwe kwamba naenda Dar kwa ushauri nasaha, aliweka ungo chini akanikazia macho. "Mwanangu, na mumeo naye kapima?" Hapa Tabora maneno hayo mawili watu wanayajua kwa ukimwi tu. Ilibidi nikae naye jamvini nimweleze kuwa huu ni wa vinasaba, mambo ya saratani inayorithiwa kwenye ukoo. Nilidhani nimemtuliza, kumbe ndiyo kwanza akaanza kuuliza habari za wajukuu zake.

Chanzo ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Aligundulika ana saratani ya titi akiwa na miaka 36, akatibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Kwa umri ule, na kwa kuwa mama yake naye alikufa mapema, akapelekwa kwa mtaalamu wa vinasaba, naye akataka na sisi wengine tufike.

Nilipanda basi hadi Dodoma nikamalizia kwa treni ya umeme. Kichwani nilikuwa na bibi mzaa mama tu, aliyeugua titi akiwa na miaka 78. Yule dada mtaalamu alinisikiliza hadi mwisho, akasema bibi wa miaka 78 hamtii wasiwasi sana. "Nipe upande wa baba."

Nikaduwaa. Nilidhani mambo ya matiti hupita kwa akina mama. Akanieleza kuwa hitilafu kwenye jeni za BRCA1 na BRCA2 baba huirithisha sawasawa na mama, hata kama yeye hajaugua. Kila mtoto ana sarafu yake ya kurushwa: nusu kuipata, nusu kuikosa, na ya mdogo wake haimhusu. Kisha akanipa karatasi. Mwanamume mraba, mwanamke duara, aliyeugua atiwe rangi, aliyefariki apigwe mstari.

Kazi ilikuwa hapo. Nilikwenda Sikonge kwa babu mdogo, na siku ya kwanza niliuliza vibaya. "Babu, shangazi alikufa na nini?" "Ugonjwa." Na babu mwenyewe, mzaa baba? "Mkono wa mtu, mjukuu wangu. Waligombana kwenye ushirika, mambo ya tumbaku." Mazungumzo yakaishia hapo, tukala maembe.

Kesho yake asubuhi nilibadili maswali. Sikutaja kifo wala saratani. Kidonda kilianzia wapi? Alikuwa ananyonyesha mtoto yupi? Usiku alikuwa analalia ubavu gani? Mzee akafunguka. Babu alikuwa na uvimbe nyuma ya chuchu ya kushoto, ukapasuka, ukawa kidonda kisichokauka. Alikifunika kwa shati miezi mingi kwa aibu.

Umri nao hakuna aliyeushika kwa tarakimu. Shangazi alimzaa mtoto wa kwanza vijana walipokuwa Vita vya Kagera, 1978-79, akiwa ndiyo kwanza kaolewa, na walimzika msimu wa mvua za El Nino, 1997-98. Nikahesabu kwa vidole: hakuzidi 40 kwa mbali.

Nilipiga picha karatasi nikamtumia mtaalamu kwa WhatsApp. Akapiga simu siku ileile, akaniuliza habari za babu mara mbili. Saratani ya titi kwa mwanamume, alisema, inafanya aifikirie BRCA2 kabla ya nyingine. Binamu ndiye aliyepimwa kwanza, kwa kuwa jeni hutafutwa kwa aliyeugua. Sampuli ilipelekwa nje ya nchi ikarudi na BRCA2 kweli. Mimi nikatafutiwa hitilafu ileile moja tu, kwa hiyo bei ilishuka sana.

Ninayo.

Aliniambia zaidi ya wanawake 60 kati ya 100 wenye hitilafu hii huugua titi maishani mwao, ila akasema pia kwamba takwimu nyingi zimetoka kwa wanawake wa Ulaya na Marekani. Nikangoja aniambie la kufanya. Hakuniambia, na nilichukia. Nimezoea daktari wa meza hiki, rudi Jumatatu. Yeye akauliza kama bado nataka kuzaa. Leo naona lile lilikuwa swali lenyewe, maana kuondoa ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi, ili kujikinga na saratani yake, kwa wenye hitilafu ya BRCA2 kunaweza kusubiri hadi kati ya miaka 40 na 45. Nina 34, mume wangu anataka wa tatu. Kwa sasa ni picha ya matiti kila mwaka, nauli naiweka kwenye kibubu.

Kaka yangu ndiye mgumu. "Hayo ni magonjwa yenu wanawake." Nikamwonyesha mraba wa babu, umetiwa rangi. Akaukodolea macho, akasema tuvune kwanza. Ana binti watatu, na watoto hawapimwi hadi wawe watu wazima. Karatasi iko kabatini chini ya vitenge, maduara yao matatu bado meupe. Mkubwa anafikisha 18 Desemba hii.