Kura za majaji hapa Chicago, tafadhali msiziruke

Wale mmeshapata uraia huku Chicago na mnapiga kura Novemba, nina ombi. Mkimaliza rais, seneta na wale wakubwa wengine msikimbilie kutoka. Huko chini kabisa kuna majaji wa Cook County, mara nyingi zaidi ya 50, kila mmoja na NDIYO (abaki kazini) na HAPANA (atoke) yake, na hapo ndio watu wetu huchoka wanaacha wazi ama wanaweka NDIYO mpaka mwisho bila kusoma hata jina.

Sasa rais utakutana naye wapi? Jaji ndiye utakutana naye. Trafiki, talaka, nani abaki na watoto, landilodi akitaka kukutoa kwa nyumba, yote ni yeye. Nilimsindikiza mama mmoja Mkongomani kwa kesi ya nyumba nikiwa mkalimani wake, kesi iliyotutangulia iliisha hata sijavua koti, lakini ilipofika zamu yake jaji akamuuliza pole pole kama anaelewa karatasi aliyopewa asaini, akangoja nimtafsirie yote, na mama hakusaini. Mwingine angeita tu kesi inayofuata.

Jaji akishachaguliwa anakaa miaka 6 halafu anarudi kwetu bila mpinzani, akitafuta asilimia 60 ya NDIYO. Karibu wote hupita. 2018 Matthew Coghlan hakufikisha, na kabla yake ilikuwa imepita karibu miaka 30 bila jaji yeyote wa Cook County kuangushwa hivyo. Wale wapya wanaanzia mchujo wa Machi, na kwa vile hapa Democrats wanashinda karibu kila mahali, mara nyingi mambo yanaishia huko huko, kwa hivyo Machi pia mjitokeze.

Wa kutuambia nani anafaa ni mawakili. Chicago Bar Association, Chicago Council of Lawyers na vyama vingine, vikiwemo vya mawakili weusi, Walatino na Waasia, wanamjazisha jaji fomu, wanawauliza mawakili waliosimama mbele yake, wanamhoji, ndio wanatoa uamuzi. Akikataa kuchunguzwa, Bar Association wanaandika hawampendekezi. Kenya 2021 tuliona JSC, ile tume ya kuteua majaji, wakiwahoji waliotaka kiti cha Jaji Mkuu, live kwa TV, mpaka Martha Koome akapatikana, kura hatukuwa nayo lakini maswali tuliyasikia. Huku kura unayo na mtu hujawahi kumsikia akiongea, ndio maana hizo ripoti ni za maana sana.

Na msichague kwa jina jamani. Hapa kuna mawakili walibadilisha majina yao kisheria wasikike kama Waairishi kwa sababu majina hayo yalikuwa yanashinda, mpaka 2007 Illinois ikatunga sheria kwamba ukibadilisha jina karibu na uchaguzi, lile la zamani liandikwe pia kwenye karatasi ya kura. Sisi Wakenya kura ya jina tunaijua vizuri, tusiianze tena huku.

Andika kwa karatasi wale ambao vyama vingi vimesema hawafai, uingie nayo, inaruhusiwa. Vyama vikitofautiana mimi husoma maelezo ya Council of Lawyers kwa sababu wao wanaeleza sababu, na nikikuta jaji analalamikiwa kwamba anawafokea watu wasio na wakili naweka HAPANA hata kama wengine wamempitisha, maana watu wetu wengi wanaingia kortini hivyo hivyo, peke yao.