Punguza Kazi za Simu Kwanza

Ukizidisha saa nne za kila siku kwa siku 365 utapata saa 1,460, ambazo ni takriban siku 60 kamili, usiku na mchana, za kutazama kioo cha simu. Hesabu hiyo hutisha, na wengi huanzia hapo wanapoamua kupunguza muda wao wa skrini. Mwaka 2018 Apple na Google zilianza kuweka katika simu sehemu inayomwonyesha mtumiaji muda aliotumia katika kila programu na kumruhusu ajiwekee kikomo. Nimeutumia utaratibu huo kwa muda mrefu, na maoni yangu ni kwamba unapima vizuri lakini hautibu, kwa sababu kwa kawaida kikomo huondolewa kwa kugusa kioo mara moja au mbili, na anayekiondoa ndiye yule yule aliyekiweka.

Kwa jinsi ninavyoliona jambo hili, kiini chake ni wingi wa kazi tulizoikabidhi simu. Simu ndiyo saa, ndiyo kengele ya kutuamsha, ndiyo daftari, kalenda, kikokotoo, tochi, redio na gazeti. Kila moja ya kazi hizo ni halali na huchukua muda mfupi tu, lakini kila moja hutupitisha mahali pale pale ambapo ujumbe, picha na video zinatungoja. Mtu aliyetaka kujua ni saa ngapi hujikuta anasoma mabishano ya watu asiowafahamu, na baada ya nusu saa huiweka simu chini bila kukumbuka kilichomfanya aichukue.

Mahali hapo pa kupitia pamejengwa kwa ustadi, na si haki kumlaumu mtumiaji peke yake. Zamani ukurasa wa wavuti ulikuwa na mwisho, na ili kuendelea ilibidi ubonyeze kwenda ukurasa wa pili. Kituo hicho kidogo kilikupa nafasi ya kujiuliza kama bado unataka kuendelea. Mwaka 2006 Aza Raskin, mbunifu wa programu za kompyuta, alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kadiri unavyoteremka, na baadaye yeye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia matumizi yaliyotokana na ubunifu huo. Ongeza hapo jambo ambalo mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha kwa njiwa na panya katika karne iliyopita, kwamba mnyama anayepata chakula kwa nyakati zisizotabirika huendelea kubonyeza kwa bidii, hata chakula kinapokatika, kuliko yule anayekipata kila anapobonyeza. Ujumbe mzuri unaotokea mara moja kati ya mambo mengi yasiyo na maana hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo nilianza kuziondoa kazi ndogo kwenye simu, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa kengele ya asubuhi, nayo ndiyo ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote, kwani saa ya mezani huiwezesha simu kulala nje ya chumba, na saa ya kwanza na ya mwisho ya siku hurudi kwa mwenyewe. Saa ya mkononi na daftari la mfukoni vilifuata. Mitandao ya kijamii niliihamishia kwenye kompyuta, ambako ni lazima nikae kitako na kuamua. Upande wa arifa nilitumia kanuni moja: kinachotumwa na mtu kinaruhusiwa kulia, na kinachotumwa na mashine kinanyamazishwa.

Faida ambayo sikuitarajia iliwahusu wengine zaidi kuliko mimi. Mtu anayesoma kitabu huonekana anasoma kitabu, na anayeandika orodha huonekana anaandika. Lakini aliyeinamia simu, awe anatafuta maana ya neno, analipa deni au anapoteza muda, huonekana vile vile, na aliye karibu naye hajui kama anaweza kumsemesha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri kwamba watoto wa chini ya mwaka mmoja wasiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku. Ni ushauri mzuri, ingawa mtoto huyo huyo hutumia sehemu kubwa ya siku akiutazama uso wa mzazi unaomulikwa na simu, asijue mzazi anafanya nini. Vyombo vinapotengana, matendo yetu husomeka tena.

Simdai kila mtu arudi kwenye simu ya vitufe. Wapo ambao ajira yao yote imo ndani ya skrini, na huduma nyingi za fedha na usafiri sasa hazipatikani kwa njia nyingine. Kwangu zimebaki simu za sauti, ujumbe, malipo, ramani na kamera. Hiyo ya mwisho bado inanitatiza, kwa sababu kupiga picha ni mojawapo ya njia zinazonirudisha kwenye mambo mengine yote ya simu, lakini kununua kamera ni kuongeza kifaa cha kuchaji na kubeba, na nina mashaka na maisha mepesi yanayoanza kwa manunuzi. Kwa sasa imebaki humo.