Nauli iko pindoni

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nafunga kibanda saa kumi na moja jioni. Siku nyingine nafunga pale mteja wa mwisho anapoondoka, hata ikifika saa tatu usiku, lakini siku hiyo hata majirani wanajua. Muuza genge wa mbele yangu akiniona nafunika cherehani mapema ananiuliza, "Leo mjini?" Namjibu, "Leo mjini." Mimi ni fundi wa nguo za kike, Magomeni. Nashona magauni ya vitenge na sare za harusi, narekebisha na mitumba iliyowazidi wenyewe. Na mara moja kwa mwezi nakwenda kasino kucheza ruleti, ule mchezo wa kubahatisha namba kigoroli kitakapoangukia kwenye gurudumu.

Naliandika hili kwa sababu watu wakisikia mwanamke wa miaka 47 anakwenda kasino, wanapata picha mbili tu: ama ana hela za kumwaga, ama ameharibikiwa. Mimi simo kwenye picha zote mbili.

Matayarisho yangu hayabadiliki. Shilingi 60,000 kwenye pochi, hizo ndizo za mezani. Kitambulisho, maana mlangoni wanakagua na aliye chini ya miaka 18 hapiti. Saa ya mkononi, kwa sababu kule ninakokwenda ukutani hakuna saa. Kadi ya benki inabaki nyumbani ndani ya kopo la vifungo, na sababu nitaisema. Halafu 10,000 ya bajaji ya kurudia naifunga kwenye pindo la mtandio, mafundo mawili, nayakaza kwa meno. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akinifungia hela ya samaki kwenye pindo la khanga akinituma sokoni kule kwetu Ngamiani, Tanga, na ole wako ufungue fundo kabla hujafika kwa muuza samaki.

Shoga yangu, anayeuza vipodozi Kariakoo, ananisubiri kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa. Tunapanda hadi Posta ya Zamani, kutoka hapo ni mguu. Masika yakichachamaa bonde la Jangwani linajaa maji, mabasi hayavuki na safari inakufa hapohapo. Basi tunarudi kwangu, tunapika wali, tunafungulia taarab, na ile 60,000 ya mwezi huo inaingia kwenye kikoba.

Kinachonipeleka ni meza. Shoga yangu ni mtu wa mashine, anapenda taa na vile vinanda vyake. Mimi mashine haziniingii moyoni, kama ambavyo hata dubwi za vibandani, zile zinazomeza sarafu za 200, sijawahi kuzipenda. Mashine unacheza peke yako. Mezani kuna watu.

Ukikaa, dila, yule anayeendesha mchezo mezani, anakupa rangi yako. Kila mchezaji ana rangi yake ya chipu, vile vidude vya duara unavyoweka badala ya hela, ili zisichanganyike, na chipu hizo zina thamani pale mezani tu, ukitaka kuondoka lazima uzibadilishe kwanza. Naomba za zambarau zikiwapo. Nazipanga tano tano kama ninavyopanga vifungo. Namba yangu ni 17 tangu siku ya kwanza, kwa sababu iko katikati ya kitambaa cha meza, na jicho la fundi hutafuta katikati kabla ya kingine chochote. Kwenye gurudumu lenyewe namba hazifuatani. Huko 17 imebanwa kati ya 25 na 34, nyeusi baina ya nyekundu mbili.

Dila anazungusha gurudumu huku, anarusha kigoroli kule. Mwanzoni kigoroli kinakimbia kwenye ukingo kwa mlio mmoja usiokatika, kama cherehani inaposhona mshono mrefu wa ubavuni. Kisha kinachoka. Dila anapitisha mkono juu ya meza, maana yake hakuna kuweka tena. Kigoroli kinateremka, kinagonga vile vyuma, tak, tak-tak, kinaingia 34, kinaruka, kinatoka. Hapo ndipo ninapopalipia. Ni sekunde mbili, labda tatu. Mfanyabiashara mwenye saa ya dhahabu, kijana wa ofisini aliyelegeza tai, mimi fundi wa Magomeni, wote shingo zimeelekea upande mmoja. Sijui mahali pengine mjini hapa ninapokaa sawa na watu wale.

Hesabu yake naijua na wala hainikatishi tamaa. Gurudumu la pale lina namba 37, kuanzia 0 hadi 36. Ukipatia namba moja unalipwa 35 kwa moja. Ya haki ingekuwa 36 kwa moja. Hiyo moja iliyopungua ni ya mwenye nyumba, yaani kasino, wala haikufichwa, imepakwa rangi ya kijani kabisa: ile sifuri. Mimi kwenye kila gauni naacha pindo, na mteja anajua kuna kitambaa kimeingia ndani ambacho hakionekani. Kasino nayo ina pindo lake, asilimia 2.7 ya kila kinachowekwa. Kuna magurudumu ya Kimarekani yenye sifuri mbili, namba 38, na huko pindo linafika asilimia 5.26. Hayo hata kiti sivuti. Nikiweka 5,000 kila mzunguko, mizunguko 30 kwa saa, mezani pangu inapita 150,000, na fungu la nyumba kwa wastani ni kama 4,000. Nasema wastani. Usiku mmoja unakula, mwingine unaliwa zote kabla soda haijapoa gesi.

Juu ya meza kuna kioo kinachoonyesha namba zilizotoka, na watu wanakisoma utafikiri ni barua waliyoandikiwa wao. "Nyekundu mara tano, sasa nyeusi hii." Shoga yangu akipita kunisalimu naye anashawishika. Nilimsomea siku moja kuhusu kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913: kigoroli kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakaendelea kumwaga hela kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. "Shoga," nikamwambia, "gurudumu halijui zamu. Halikumbuki hata lililofanya sasa hivi." Akanijibu, "Wewe na 17 yako je?" Sikuwa na jibu. 17 naipenda, basi.

Imenilipa vizuri mara moja. Nilikuwa na chipu tatu za elfu moja juu yake, ikatoka, nikarudi na 108,000 pamoja na zangu tatu. Nilinunua mota ya cherehani yangu ya Butterfly, na tangu siku hiyo mguu wangu wa kulia umepumzika. Mama sikumtumia hata shilingi katika hela ile. Mama yuko Tanga, ni mtu wa swala tano, na kwake kamari ni haramu, hakuna mjadala. Nami sijawahi kumbishia, kwa sababu najua alichosema kimeandikwa wapi. Mfungo wa Ramadhani siendi. Hela ya mezani haivuki kizingiti chake, hata ikiwa imegeuka sukari au dawa. Anachopata kutoka kwangu ni cha mshono. Kuna usiku jambo hili linaninyima usingizi, na silisemi ili nionekane mwema. Liko hivyo.

Cha ajabu, karata nilizijua nyumbani kwetu hukohuko. Marehemu baba na wenzake wa relwe walicheza barazani, anayefungwa ananunua kahawa. Kopa, uru, shupaza, pau. Majina hayo tumeachiwa na Wareno, na bado yamo midomoni mwa wazee wa pwani. Ree lilikuwa linapigwa chini kwa kishindo hadi vikombe vinacheza, na baba akiwa ameficha turufu nilimjua kwa namna alivyokuwa akikuna sikio. Mpaka leo nikikaa mezani natazama masikio na vidole vya watu kabla sijatazama gurudumu.

Na taarab. Tanga ya utoto wangu ilikuwa ya Black Star na Lucky Star, ya sauti ya Bi Shakila, na gitaa la besi lililotembea taratibu chini ya maneno. Huku Dar nimezoea ya kisasa, ya Khadija Kopa, yenye vijembe vya kumfanya mtu aliyekosa ageuze kiti. Ukumbini nikisikia ubeti umenigusa nainuka, nacheza polepole hadi jukwaani, namtunza mwimbaji 5,000, narudi kukaa. Nikiguswa tena nainuka tena. Sijawahi kusikia mwanamke ametoka kwenye taarab akasema ameliwa. Umeitoa ile hela, ukumbi umekuona, maneno yamesemwa kwa niaba yako, umekwenda nyumbani. Chipu ninazoweka juu ya 17 natamani zihesabiwe hivyohivyo. Nimewatunza wale waliokaa nami na zile sekunde tatu.

Lakini kutunza kuna kiasi, na mwaka 2019 nilikivuka. Nilikuwa nimeliwa zote saa mbili usiku, mapema mno, na nyumbani sikutaka kurudi. Mashine ya kutolea hela ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Kwenye akaunti kulikuwa na 200,000 ya kina mama kumi na wawili, malipo ya awali ya vitenge vya sherehe ya kumfunda mwari. Nilitoa 50,000. Nikatoa nyingine. Saa nne na nusu hapakuwa na kitu, na nauli sikuwa nayo. Shoga ndiye aliyenilipia bajaji na njia nzima hakunisemesha. Jumatatu niliomba mkopo wa kikoba, nikadanganya kuwa mashine ya kupindia imeharibika, na niliulipa miezi minne. Wale kina mama walivaa vitenge vyao, wakapendeza, hakuna aliyejua. Nikikutana na mmoja wao sokoni akinisifia lile gauni, tumbo bado linanikata.

Ndiyo sababu kadi inakaa kwenye kopo la vifungo, na ndiyo sababu nauli iko pindoni.

Mtoto wa dada yangu anaendesha bodaboda na anabeti. Mikeka ya kubashiri mechi namwelewa, mechi ya Simba na Yanga hata mimi inanipandisha presha. Kinachonitia hofu ni kile kindege cha kwenye simu. Kinapaa, namba zinapanda, unatakiwa uchomoe hela kabla hakijapotea. Mzunguko mzima ni sekunde chache, na ukiisha unaanza mwingine. Juzi alikuja kibandani, akanisalimu, "Shikamoo mamdogo," jicho liko kwenye kiganja.

"Marahaba. Kimekula ngapi leo?"

"Narudisha, mamdogo. Nikirudisha naacha."

Nilimnyang'anya? Sikumnyang'anya, ni mtu mzima ana watoto wawili. Nilimwambia akae, nikampa chai, nikamhadithia 2019 yote, na mkopo na ule uongo, mambo ambayo hata dada yangu hayajui. Alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza, "Sasa mbona unaendelea kwenda?" Nikamwambia kule mimi naingia kwa mlango na natoka kwa mlango, kati ya kasino na kitanda changu kuna Jangwani nzima. Yeye kasino yake inalala chini ya mto wake. Inamwamsha. Nikamwomba hela ya marejesho ya pikipiki awe ananiletea mimi kila jioni, niiweke. Wiki ya tatu sasa, ameleta siku kumi na sita. Naandika kwenye daftari la vipimo, chini ya jina lake, kama mteja.

Jumamosi iliyopita niliinuka mezani saa tano kasorobo nikiwa nimebakiwa na 22,000. Kigoroli kiligonga 17 mara mbili usiku ule, na mara zote mbili kikaruka kwenda kwa jirani. Shoga alikuwa amekula 40,000 kwenye mashine, ananunua mishikaki nje na kucheka peke yake. Bajaji ilitupitisha Fire, ikashuka Jangwani, upepo unaingia huku na huku. Yeye aliimba ubeti uleule mpaka Mapipa. Hapo nikaanza kuhangaika na fundo, la kwanza likafunguka, la pili likagoma, nikalishika kwa meno. Noti ilitoka imekunjamana, ina unyevu wa jasho. Dereva aliinyoosha juu ya paja lake mara tatu kabla ya kuitia mfukoni.