Maziwa ya mwezi wa nane

Juzi mwanangu alitoa pakiti ya maziwa kwenye friji, akaigeuza, akasoma: 08/07. "Baba, hii ni tarehe nane mwezi wa saba, au saba mwezi wa nane?"

Nikamwambia anuse. Mama yake akacheka, maana kile kisa cha Tukuyu, kule Mbeya, anakijua.

Ilikuwa 2016. Karani wa kikundi cha wafugaji alikuwa anaingiza lita za maziwa kwenye kompyuta, nami nikawaandikia programu kwa Python, lugha ya kompyuta, ya kujumlisha malipo ya mwezi. Tarehe ziliandikwa kama tunavyoandika sote: siku, mwezi, mwaka. Kuzisoma nikatumia dateutil, maktaba ya pembeni, yaani programu tayari iliyoandikwa na wengine, inayosifiwa kwa kusoma tarehe ya kila namna. Nikaijaribu kwa rekodi za siku za mwisho za Juni. Safi kabisa. Nikalala usingizi.

Siku ya malipo, tarehe 1 Agosti, kituoni kulikuwa na ukungu na baridi ile ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Mama mmoja akaja mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akafungua daftari la shule lililonuka moshi. Kila siku mstari wake, kila lita kijiti kimoja cha kalamu: vitano, vitano, viwili. "Umeniandikia siku ishirini. Mwezi wa saba una thelathini na moja, mwanangu. Hizi kumi na moja nilimpa nani?"

Nilifungua kompyuta nikiamini mwenye kosa ni daftari. Kuanzia tarehe 13 hadi mwisho, sawa. Tarehe 7, sawa. Nyingine hazipo. Nikatafuta kwa jina lake tu, bila kutaja mwezi, zikajitokeza: lita 12 za tarehe 7 Januari, lita 12 za tarehe 7 Februari, hivyo hivyo hadi Desemba. Kumbe dateutil usipoielekeza inaanza na mwezi, kama Wamarekani. Ikikuta 13 mahali pa mwezi inageuza yenyewe, kimya kimya, bila hata onyo. Saba-saba ilipona kwa kuwa ukiigeuza ni ile ile.

Mama alikuwa ameinama begani kwangu, anasoma kioo. "Januari ng'ombe wangu alikuwa hajazaa." Kidole kikashuka. "Na hii ya tarehe saba mwezi wa nane? Si leo ni moja?"

Nikakosa la kusema.

"Basi nilipeni tu. Nitaileta."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na karani naye, msaliti.

Dawa yake ilikuwa neno moja, dayfirst, yaani siku kwanza. Lita zake 132 zikarudi, hesabu za wote zikapigwa upya, watu wakalipwa jioni.

Juni 2018 ikatoka Python 3.7, na ndani ya maktaba yake ya msingi ikaja fromisoformat, ya kusoma tarehe za ISO, kiwango cha kimataifa. Kabla ya hapo lugha iliweza kuandika tarehe kwa mtindo wa ISO, mwaka mbele, ila haikuwa na kitu cha moja kwa moja cha kuyasoma maandishi yake yenyewe. Na hiyo mpya ilikuwa na nongwa: ile Z ya mwishoni, alama ya UTC, saa za kimataifa, iliikataa mpaka toleo la 3.11 mwaka 2022. Mimi nongwa hiyo niliipenda. Ukiipa 05/07/2016 inagoma palepale.

Nilizoea kusema ingekuwepo mapema nisingeaibika. Sina hakika. Faili la karani ingelikataa zima, nami ningetafuta kitu kisichokataa. Hata strptime, ambayo unaipangia mwenyewe siku iko wapi na mwezi uko wapi, ilikuwepo miaka yote. Niliona uvivu kuipangia.

Tarehe 7 Agosti, karani akanipigia. Yule mama ameleta lita zake 12 kama kawaida, na anauliza kama bado zinahitajika kuandikwa.