Kwa nini nadharia ya seli ilisubiri miaka 174

Robert Hooke alichapisha mchoro wa seli za koki, yaani gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, mwaka 1665. Mwaka 1839 Theodor Schwann akachapisha hoja kwamba wanyama, sawa na mimea, wameundwa kwa seli; hiyo ndiyo nadharia ya seli. Vitabu vingi vya shule huivuka miaka hiyo 174 kwa sentensi moja, kana kwamba hakuna aliyekuwa akitazama. Watu walitazama sana. Shida ni kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo hadubini ilikuwa ikidanganya, na aliyeitumia hakuwa na njia ya kujua inadanganya wakati gani.

Hooke mwenyewe alifanya kazi safi. Alinoa kisu kidogo hadi kikawa na makali ya wembe, akachonga kipande chembamba sana cha koki, akakilaza juu ya bamba jeusi kwa kuwa koki yenyewe ni nyeupe, kisha akakielekezea mwanga kwa lenzi nene yenye upande mmoja bapa. Akahesabu vijumba 60 hivi katika sehemu moja ya 18 ya inchi. Hiyo ni 1,080 kwa inchi moja, na 1,259,712,000 katika inchi moja ya ujazo. Piga hesabu kwa vipimo vya leo: inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo kila kijumba kilikuwa na upana wa mikromita (sehemu za elfu za milimita) 23 na nusu hivi. Kwa vifaa vya wakati ule, huo ni upimaji wa kuheshimiwa. Lakini koki ni tishu iliyokufa; alichokiona ni kuta zilizobaki, ndani mna hewa tu.

Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, alikwepa matatizo ya lenzi mbili kwa kutumia moja. Hadubini yake ni vibamba viwili vya shaba au fedha vinavyoenea kiganjani, lenzi ndogo imebanwa katikati yake kwenye tundu, na sampuli imegandishwa kwenye ncha ya sindano inayosogezwa kwa skrubu. Iliyo bora kati ya zile zilizobaki, iliyoko Utrecht, hukuza mara 270 hivi. Uchunguzi wa nyutroni uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba lenzi yake ni gololi ya kioo kilichoyeyushwa, njia ambayo Hooke alikwisha kuieleza. Kwa vyombo vya aina hiyo Leeuwenhoek alieleza vidudu vya majini katika barua ya Oktoba 1676, na bakteria wa ukoga wa meno mwaka 1683. Kwa hiyo ukuzaji ulikuwepo mapema kabisa.

Gololi kama hiyo inatengenezeka. Vaa miwani ya kinga. Shika fimbo nyembamba ya kioo kwa ncha zote mbili juu ya mwali wa gesi. Ikilainika katikati, itoe motoni na uivute upesi mpaka upate uzi mwembamba kuliko milimita moja. Ukate, kisha urudishe ncha yake kwenye sehemu ya buluu ya mwali, kwa sababu sehemu ya njano huacha masizi ndani ya kioo. Ncha itayeyuka na kujikusanya yenyewe kuwa tone la duara. Simama tone linapofika kati ya milimita 1 na 2. Ukiendelea, uzito unalivuta chini na duara linapotea.

Sasa hesabu. Kwa kioo cha kawaida, umbali wa fokasi wa gololi, yaani hadi pale miale inapokutana, ni robo tatu ya kipenyo chake, ukipimwa kutoka katikati. Gololi ya milimita 1 ina fokasi ya milimita 0.75, gawanya 250 (milimita za umbali wa kawaida wa jicho kutazama kitu cha karibu) kwa 0.75, unapata ukuzaji wa mara 333. Ya milimita 2 inatoa mara 167. Ila katika ile ya milimita 1, nafasi kati ya uso wa kioo na mahali sampuli inapotakiwa kukaa ni robo milimita tu, na kioo chembamba cha kufunikia sampuli peke yake kina milimita 0.17. Hapa ndipo wengi hukwama: lenzi ni nzuri, sampuli iko mbali mno, hawaoni kitu. Anza na ya milimita 2. Iweke nyuma ya tundu lenye nusu ya kipenyo chake kwenye karatasi ya alumini, maana miale inayopita pembeni mwa gololi haikutani mahali pamoja na ile ya katikati, na bila tundu picha huwa na ukungu. Jicho nalo liwe karibu kabisa na kioo. Ukishajaribu kutazama hivyo kwa saa nzima, utaelewa kwa nini wachache waliweza kumfuata Leeuwenhoek.

Wengine walitumia hadubini za lenzi mbili au zaidi, ambazo ni rahisi kutazamia lakini makosa ya lenzi moja yanakuzwa na nyingine. Kosa la kwanza ni hilo la miale ya pembeni. La pili ni rangi: buluu hupinda zaidi ya nyekundu, kwa hiyo kila ukingo unapata mstari wa rangi. Dawa iliyokuwepo ilikuwa kupunguza tundu la lenzi. Rangi zinapungua kweli, lakini tundu likiwa dogo mno kila nukta ya mwanga hugeuka kisahani chenye pete kukizunguka. Mwaka 1823 Henri Milne-Edwards alieleza kwamba tishu za wanyama zimeundwa kwa vigololi vyenye kipenyo cha sehemu moja ya 300 ya milimita. Ukisoma haraka unaweza kudhani hiyo ndiyo nadharia ya seli iliyowahi miaka 16. Siyo. Alikuwa akipima, kwa uangalifu mkubwa, kasoro ya kioo.

Aliyeliondoa kosa hilo ni Joseph Jackson Lister, mfanyabiashara wa mvinyo wa London, na kwa maoni yangu hatajwi inavyostahili. Mwaka 1827, yeye na Thomas Hodgkin walitazama tishu hizo kwa hadubini aliyoiboresha, na vigololi havikuwepo. Misuli ilikuwa na mistari ya kukingama. Chembe nyekundu za damu zilikuwa visahani vilivyobonyea pande zote mbili. Kuunganisha lenzi mbonyeo na lenzi mbinuko za vioo viwili tofauti ili rangi zifutane kulikuwa kumejulikana kwenye darubini tangu karne ya 18. Alichoongeza Lister, katika makala yake ya 1830, ni kwamba kila jozi ya namna hiyo ina sehemu mbili ambamo kosa la miale ya pembeni nalo linatoweka, kwa hiyo umbali kati ya jozi na jozi unaweza kupangwa kwa hesabu badala ya kubahatisha. Sasa tundu liliweza kupanuliwa.

Mambo yakaenda mbio. Robert Brown alieleza kiini cha seli za okidi mwaka 1831. Matthias Schleiden akasema mwaka 1838 kwamba mimea imejengwa kwa seli. Schwann, aliyesikia habari za viini kutoka kwake, alikumbuka kwamba amekwisha kuona kitu cha aina hiyo katika uti wa awali wa viluwiluwi, ule uti laini unaotangulia uti wa mgongo. Uti huo na gegedu ni tishu za wanyama ambazo mipaka ya seli huonekana wazi, na ndizo alizoanza nazo. Kwingineko seli ya mnyama haina ukuta na inapitisha mwanga karibu sawa na maji, kwa hiyo kiini ndicho kilichokuwa alama yake ya kuitambua.

Schleiden alikosea jambo moja kubwa: alidhani seli mpya huota kutoka punje ndogo, kama fuwele. Kosa lenyewe lina sababu. Alichunguza mfuko wa kiinitete wa mimea, ambamo viini hugawanyika vingi kwanza na kuta hujengwa baadaye, na kwa macho inaonekana kabisa kama viini vimezuka vyenyewe. Robert Remak, aliyeona seli za damu za kiinitete cha kuku zikigawanyika mwaka 1841, ndiye aliyepigania kwamba seli hutoka kwa seli. Rudolf Virchow akaitangaza kauli hiyo mwaka 1855, na sifa nyingi zikamwendea yeye.

Ukitaka kuona tatizo la Schwann kwa macho yako, chukua utando wa upande wa ndani wa gamba la kitunguu, kipande cha milimita 5 hivi, ukilaze ndani ya tone la maji bila mikunjo. Shusha kioo cha kufunikia kwa kukiegemeza upande mmoja kwanza; kikiangushwa bapa kinanasa hewa. Anza na lenzi ya kukuza mara 4, kisha 10, na upunguze tundu la mwanga kidogo. Kuta utaziona, viini kwa shida. Weka tone la ayodini ukingoni na ulivute chini ya kioo kwa karatasi ya kunyonya upande wa pili: baada ya dakika chache viini vinatokea vya kahawia. Duara jeupe lenye ukingo mnene mweusi si seli, ni povu la hewa. Sogeza fokasi juu na chini: ukingo wa povu hunenepa na kukonda, wakati ukuta wa seli unafifia tu.

Rangi za kutia tishu ndizo zilizofungua nusu ya pili ya karne ya 19. Joseph von Gerlach alifanya kamini, rangi nyekundu, ijulikane mwaka 1858, na kwa rangi za anilini, zilizotengenezwa kwa kemikali, Walther Flemming alifuatilia mgawanyiko wa kiini katika viluwiluwi vya salamanda hadi kitabu chake cha 1882. Ernst Abbe alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1873 kikomo chenyewe: umbali mdogo unaotenganishika ni urefu wa wimbi la mwanga ukigawanywa kwa mara mbili ya kipimo cha tundu la lenzi. Kipimo hicho kimechongwa ubavuni mwa lenzi, 0.65 kwa lenzi nyingi za 40. Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550 (nanomita elfu moja ni mikromita moja) unapata nanomita 423. Ukuzaji wenye faida haupiti mara 1,000 ya kipimo hicho, yaani 650. Ukiweka lenzi ya jicho ya 25 juu yake unafika 1,000 na huongezi chochote ila ukungu.

Ubishi kuhusu kilicho kweli uliendelea hata hapo. Camillo Golgi alieleza mwaka 1898 wavu ndani ya seli za neva uliotiwa weusi kwa fedha, na kwa zaidi ya nusu karne wapo waliosema ni mabaki ya kemikali tu. Hadubini ya elektroni, iliyoanzishwa na Ernst Ruska na Max Knoll mwaka 1931, ilipopata vipande vyembamba vya kutosha katika miaka ya 1950, mifuko bapa iliyopangana ilionekana palepale, bila fedha yoyote.